Mabehewa ya Darasa la Nne

Enzi zetu, sisi tuliokulia kambi ya wafanyakazi pale Kolwezi, hakuna mtoto aliyehitaji saa ya ukutani. King'ora cha kampuni ndicho kilichotuamsha, ndicho kilichotupeleka shule, na ndicho kilichowarudisha baba zetu nyumbani wakiwa na vumbi jekundu kwenye nyusi. Ukikisikia hujafunga viatu, umeshachelewa. Ukikisikia uji ungali mdomoni, unameza na kukimbia. Siku hizi namwona mtoto ana simu yenye saa, kalenda na sauti ya kumkumbusha kunywa maji, na bado anaingia darasani mapumziko yakikaribia, tena anatembea kama bwana harusi. Zamani ningemwambia neno. Sasa namtazama tu akipita, maana nimechoka, na maneno nayo yanachoka.

Ninyi wa rika langu mtakumbuka. Mtakumbuka Jumamosi asubuhi tukisoma nusu siku, mashati meupe yamenyooshwa kwa pasi ya makaa, karanga za kukaanga mfukoni zikitia mafuta kwenye kaptula na sketi za buluu. Mtakumbuka harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, ikitwangwa kila ua mara jua likianza kuinama, na finkubala, wale viwavi wa msituni, wakikaushwa juu ya mabati hadi wakalia kama changarawe. Wavulana walikuwa na magari yao ya waya, wasichana tulikuwa na mpira wetu wa matambara, na mama zetu walikuwa na sauti za kufika mtaa wa tatu. Mama yangu hakuwahi kunifuata mchezoni. Alisimama mlangoni akaita mara moja, na mimi popote nilipo nikajua bukari, ugali wetu, imeiva.

Na mtakumbuka mabehewa.

Kwa wale ambao hawakusoma shule yetu, nieleze. Darasani hatukukaa popote tulipotaka. Kila matokeo yalipotoka, mwalimu alitupanga upya kwa namba zetu. Wa kwanza hadi wa kumi walikaa mbele, karibu na dirisha, na sehemu ile tuliiita Deluxe, kama lile behewa la wakubwa lenye mapazia. Wa katikati walikuwa daraja la pili. Nyuma kabisa, ukutani, ambako ubao haukusomeka kwa mwanga wa jua, palikuwa behewa la makala, yaani makaa. Hilo halina viti wala madirisha, na abiria wake hawaulizwi wanakwenda wapi.

Mimi, Ngoie, nilikuwa abiria wa kudumu wa makala. Imla ya Kifaransa ilikuwa adui yangu, na kusoma kwa sauti kulinikausha koo. Jirani yangu wa benchi alikuwa Ilunga, mvulana aliyenuka moshi na majani, ambaye ukimpa kitabu alikishika kama mtu aliyepewa mtoto wa watu. Siwezi kusema tulikuwa na huzuni huko nyuma. Tulicheka sana. Lakini mtoto anajua anapowekwa, hata akicheka, na ukikaa ukutani muda mrefu unaanza kuamini kwamba ukuta ndio wako.

Mwisho wa mwaka ilikuja proklamasyo, siku ya kutangaza matokeo. Hapo wazazi wote walijaa uwanjani, baba katika makoti, mama katika vitenge vipya, kila mmoja ameficha kopo la poda. Majina yaliitwa kwa sauti kuanzia wa kwanza, na mtoto aliyepita alimwagiwa poda kichwani, usoni, shingoni, akawa mweupe kama aliyetoka kwenye gunia la unga, akarudi nyumbani hivyo hivyo akipita mitaa yote ili dunia ione. Mtoto asiyekuwa na poda siku ile hakuwa na haja ya kueleza chochote. Alikuwa na weusi wake na sare yake safi, na hiyo ilitosha.

Baba yangu aliendesha malori makubwa ya mgodi, na alinunua kopo la poda mwaka nilipoingia darasa la tatu. Lilikuwa la bati, na juu yake amechorwa mwanamke mwenye shingo ndefu. Siku ya proklamasyo lilikaa mfukoni mwake tangu asubuhi hadi jina la mwisho likaitwa, na likarudi nyumbani halijafunguliwa. Mwaka uliofuata nilirudia darasa lile lile, na kopo likaenda likarudi tena. Nilivuka kwenda la nne kwa huruma tu, bila kuitwa jina, kwa sababu madawati ya la tatu yalikuwa yamejaa. Mama aliliweka kopo juu ya kabati, karibu na picha ya harusi, na nilikuwa naliona kila nikiamka. Baba hakunipiga. Alinikalisha tu na kusema maneno ambayo hadi leo nayasikia.

"We Ngoie, ukidubla tena, utaenda Lubudi kwa nkambo yako. Utalima muhogo. Jembe haiulizake dikte."

Nkambo ni bibi, kudubla ni kurudia darasa, na dikte ni ile imla. Nilimpenda bibi yangu, na Lubudi si pabaya; kuna reli, kuna mashamba, kuna hewa. Lakini nilijua maana ya baba. Alikuwa anasema shule imenishinda, na kwamba mdomo mmoja ungepungua mezani siku ambazo unga ulikuwa umeanza kupimwa. Nilikuwa na mwaka mmoja tu wa kujiokoa.

Mwaka huo ndipo tulipopata Madame Ngalula.

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye kicheko cha ghafla. Wazazi wake waliletwa kutoka mkoa wa Kasai kufanya kazi ya mgodi, naye alizaliwa hapa hapa Kolwezi, akasoma hapa, akaolewa hapa, akamzika mume wake hapa. Siku ya kwanza aliingia, akatutazama tulivyokaa, akauliza nani ametupanga hivi. Tukamweleza mabehewa yetu kwa fahari ya kipumbavu, kila mmoja akitaja lake. Akavua koti, akaanza kusukuma madawati mwenyewe, na kabla ya mapumziko nilikuwa nimekaa dirishani pamoja na Kabeya, wa kwanza wa darasa, aliyenitazama kama mtu aliyeingiliwa chumbani.

"Kuanzia leo," Madame alisema, "mwenye anayua anaikala na mwenye hayui. Siku ya posho, tunageuza."

Siku ya posho ni Jumamosi. Na kweli tuligeuza. Kila Jumamosi mtoto mmoja alisimama mbele kufundisha kitu anachokijua kwao, na Madame akakaa benchini, magoti yamefika kidevuni. Zamu ya Ilunga ilipofika alileta matawi, akatuonyesha mti gani unalisha kiwavi gani, na majani gani yakiguswa asubuhi yanakwambia wadudu wako karibu kushuka. Kisha akayachanganya matawi na kumwita Kabeya ayatenge. Kabeya aliyatenga vibaya, akajaribu tena, akakosea, akalia. Madame hakumbembeleza. Alimwambia hayo machozi ndiyo yaliyokosekana katika masomo yake, na sasa amekamilika. Tulicheka, na Kabeya naye akacheka akiwa na kamasi puani.

Mtihani wa Madame nao ulikuwa na njia nyingi. Habari ileile ulitakiwa kuisoma kwa sauti, kisha kuisimulia kwa Kiswahili cha nyumbani, kisha kuichora. Mimi sauti ilikimbia, lakini simulizi ilitoka. Ilunga hakusoma wala kusimulia, lakini alichora mto wenye mkondo unaokwenda. "Mulango ikifungwa," Madame alikuwa akisema, "muzunguke nyumba, mutafute dirisha." Alitaka kujua umeingia wapi, siyo umechelewa kiasi gani.

Baba hakufurahi. Alikuja shuleni siku ya wazazi, kofia mkononi, na mimi nikiwa pembeni yake natamani ardhi ipasuke.

"Madame, mi ninauliza kitu kimoja tu. Mutoto yangu iko wa ngapi?"

"Tata, kwenu muko na batoto bangapi?"

"Batano."

"Wa kwanza ni nani?"

"Wa kwanza kuzaliwa?"

"Hapana. Wa kwanza kwa kila kitu."

Baba yangu alikuwa mtu mkweli, na swali alilichukua kama swali. Akakuna kichwa. "Kwa kuteka mayi ni Kalenga. Kwa ujanja ni ule mudogo."

"Na Ngoie?"

Akaigeuza kofia mkononi. "Ngoie njo anayuaka kama mama yake anagonjwa, mama mwenyewe hajasema."

"Basi unamuyua kuliko mi, Tata. Uniache mwaka huu, na mi nimuyue."

Njiani kurudi alisema yule mwanamke anajibu vizuri. Kisha, tulipofika kwenye geti la kambi, akaongeza kwamba majibu mazuri hayazuii proklamasyo, na siku ya proklamasyo watu wanasema namba.

Sasa niwaambie jambo ambalo sikumwambia mtu wakati ule, kwa kuwa sikuona kama ni jambo. Madame alipokuwa akiandika ubaoni ametupa mgongo, mimi nilikuwa natazama nyuso. Asiyeelewa nilimjua mara moja, kwa sababu nilikuwa nimekaa miaka mingi ndani ya uso huo. Anatikisa kichwa haraka kuliko wenzake. Anaandika wakati hakuna cha kuandika. Na wengine wakicheka, yeye anacheka akiwa amechelewa, maana anasubiri kwanza aone kama ni la kuchekesha. Nikimwona Ilunga amecheka hivyo, nilinyoosha mkono na kusema, "Madame, sielewi." Madame akarudia, na uso wa Ilunga ukalegea. Nilifanya hivyo hata pale ambapo mimi mwenyewe nilikuwa nimeelewa. Deluxe wa zamani walinizomea, wakasema yule wa makala amerudi kwao. Niliona si kitu. Jina la ujinga lilikuwa langu tayari. Kulivaa mara moja zaidi hakukuniongezea uzito.

Siku moja, baada ya kurudia hesabu ya mafungu, Madame aliniita nieleze. Nikaeleza, na nikaeleza sawasawa. Akanitazama mimi, akamtazama Ilunga, akanitazama tena. Akageuka akaendelea kuandika.

Wakati huo kila kitu kilikuwa kimeanza kukatika. Kwanza mposho, ule mgao wa unga na samaki wa chumvi tuliouzoea kutoka kampuni, ukawa wa kuchelewa, kisha ukawa hadithi. Mgodi ulibomoka, mashine zikasimama, na baba akawa anakwenda kazini kukaa. Chaki iliisha shuleni. Madame akaja na vipande vya muhogo mkavu, akaandika navyo, na vinaandika vizuri tu, ila tulipopata njaa tulikuwa tunagombania kufuta ubao ili tubaki na vipande. Nimekula sarufi nyingi mwaka ule. Kisha siku moja king'ora hakikulia. Mji mzima ulichelewa kuamka, watu wakatoka nje wakatazamana, kila mmoja akidhani ni masikio yake.

Na penye njaa hutafutwa wa kulaumiwa. Wakubwa walisema maneno kwenye redio na kwenye mikutano, vijana wakayabeba mitaani: Wakasai wametula, Wakasai warudi kwao. Waliitwa bilulu, wadudu. Jirani aliyetuazima chumvi jana leo mlango wake umepakwa alama. Sisi ambao kwetu ni kaskazini ya Katanga, mkoa huu huu, tulikuwa wenye nchi, tuliambiwa, na tukashangaa, maana jana tulikuwa wa kambi moja tu. Darasani mabenchi yalianza kuwa na nafasi. Kabeya, ambaye kwao nako ni Kasai, hakuja. Kisha wawili zaidi, kisha mapacha wa darasa letu. Jumatatu moja tulikaa tukasubiri, na Madame mwenyewe hakuja.

Mwalimu mkuu aliingia. Alisema mwalimu wenu ameondoka, mitihani ya mwisho haitafanyika, na darasa ambalo halina mwalimu wa kulitolea matokeo litarudia mwaka lote. Wenzangu wakaguna. Mimi niliiona barabara ya Lubudi imefunguka mbele yangu, na jembe mwishoni.

Nyumbani sikusema. Lakini baba alisikia, mji ule ulikuwa na masikio. Hakufoka. Alisema tu kwa uchovu kwamba mvua zikianza nitakwenda kwa nkambo, na mama akageukia chungu.

Madame hakuwa ameondoka. Wale waliofukuzwa walikuwa wamejaa gare, pale stesheni ya treni, familia kwa familia, wamelala kwenye sakafu na chini ya maturubai, magodoro na masufuria yamepangwa kama kuta, wakisubiri treni iliyokuwa haiji. Mama alikuwa akiuza lengalenga, mboga za majani, karibu na hapo, na siku moja, bila kuniambia kwa nini, alinipa bakuli la bukari lililofunikwa kitambaa na kusema, "Muone Madame yako." Nilimkuta amechuchumaa mbele ya mbabula, jiko la bati, anapuliza makaa. Amekonda. Akafunua bakuli, akafunga macho kidogo, akalifunika tena kwa ajili ya wazee waliokuwa nyuma yake.

Nikamwambia kila kitu, darasa kurudia, na Lubudi. Nililia. Alinisikiliza akikoroga moto.

"Siku ya posho asubui," alisema, "ambia benzako bakuje. Na bazazi. Mi nilianza mwaka na nyinyi. Nitaimaliza."

Nilizunguka nyumba za wenzangu. Baadhi ya wazazi walinifungia mlango usoni, na siwalaumu. Vijana wa mtaa walikuwa wametangaza kwamba anayepeleka mguu gare ni msaliti, na baba yangu alikuwa na watoto watano na dirisha la kioo. Nilipomwambia alilitazama dirisha lile. Kisha akasema hapana. Alisema mara mbili.

Jumamosi niliamka, nikatazama juu ya kabati. Kopo halikuwepo. Baba alikuwa uani amevaa koti lake la proklamasyo, lile la kijivu, jasho tayari shingoni. Vijana wawili walikuwa wamekaa kwenye ukuta wa jirani, na mmoja akamwuliza kwa dharau kama anakwenda gare kuwaaga wadudu wake.

"Siende ku gare," baba alijibu. "Ninaenda ku proklamasyo ya mutoto yangu."

Yule kijana aliinamisha kichwa. Labda alikumbuka poda yake mwenyewe. Tukapita, baba mbele, mama na mimi nyuma.

Hatukuwa wengi pale stesheni. Kabeya alikuwepo na wazazi wake, na wale mapacha, na wengine waliokuwa wanalala hapo hapo. Kutoka upande wetu tulikuja wachache, Ilunga akiwa peke yake, miguu pekupeku. Lakini wale waliokuwa wakisubiri treni waliposikia kuna proklamasyo, walisogea wote. Wanaume walitafuta makoti kwenye mafurushi. Mama mmoja alivunja mpangilio wa mizigo yake yote kutafuta kitenge. Madame alipanda juu ya sanduku la bati. Hakuwa na karatasi yoyote mkononi.

Hakuanza na wa kwanza. Alituita jinsi tulivyosimama, na kila mtoto alimsema alivyo, anachojua na asichojua, mbele ya watu wote.

"Kabeya. Hesabu, anayua kuliko mi. Kushindwa, alikuwa hayui, sasa ameanza. Amepita."

Baba yake Kabeya alifuta macho kwa mkono wa koti.

"Ilunga. Kusoma, pole pole sana. Dikte, tusiseme. Pori yote iko mu kichwa yake, na hana kiburi. Atasoma, munamupa muda. Amepita."

Ilunga alitazama nyuma kuona kama kuna Ilunga mwingine.

"Ngoie." Akanitafuta kwa macho. "Dikte, mubaya. Kusoma, sauti inakimbia. Lakini sikieni, bazazi. Mi nikiandika ku tablo, ninabapa batoto mugongo, sibaone. Huyu njo alikuwa macho yangu. Mwenye haelewi, alikuwa anamuona mbele yangu. Anainua mukono, anasema, 'Madame, sielewi.' Na alikuwa anaelewa. Alikubali bamwite mujinga, juu mwenzake asikie. Hiyo hakuna mwalimu alimufundisha. Amepita."

Nilitazama viatu vyangu. Sikujua kwamba alijua. Kila mara nilipokuwa nimezomewa, kumbe mtu alikuwa ananiona. Niliposikia sauti ya baba nyuma yangu, ilikuwa inauliza swali lake lile lile, kwa mazoea tu.

"Wa ngapi?"

Watu walicheka. Kicheko kilipita stesheni nzima, na wengi wao nadhani hawakuwa wamecheka tangu walipotolewa majumbani. Baba naye akacheka, akiwa ameshika kopo. Alijaribu kulifungua, likagoma. Kutu ilikuwa imekaza kifuniko, na kilipong'oka tukaona poda imeganda kama sabuni kwa unyevu wa miaka. Akaligonga kopo kwenye reli, akachokora kwa ufunguo wa nyumba, mabonge yakatoka. Akayasugua kichwani pangu kwa viganja vyake vyote viwili, vigumu kwa usukani, hadi nikapiga chafya.

Kisha akamwona Ilunga amesimama peke yake, safi. Akamvuta, akampaka. Akampaka Kabeya, akawapaka mapacha, na baba zao wakatia mikono koponi wakaendelea na wengine. Madame alishuka kwenye sanduku akaja mbele yake, akainamisha kichwa.

"Na mi, Tata. Na mi nimemaliza mwaka."

Baba alisita, kisha akakung'uta kilichobaki juu ya nywele zake, taratibu, kama anavyofanyiwa mtoto.

Treni ilikuja wiki ile. Mabehewa yalikuwa ya mizigo, hayana viti wala madirisha, na wa kwanza na wa mwisho walipandishwa pamoja. Mama alikuwepo akiuza lengalenga, na aliniambia tu kwamba Madame alipanda akiwa amembeba mtoto asiye wake. Njia yao ilipita Lubudi. Mimi sikupita huko. Shule zilipofunguliwa baba alinishika mkono hadi kwa mwalimu mkuu na kusema nimevuka kwenda la tano. Aliulizwa nani kanivusha. "Mwalimu yake," alijibu, na hakuondoka. Mwalimu mkuu alitutazama, akatazama dirishani kule reli ilikokuwa, akasema niingie.

Mwalimu wetu mpya alitupanga upya kwa namba. Nilirudi ukutani. Lakini ukuta haukuwa wangu tena.

Wengi walikufa njiani, tunajua wote, ingawa hatusemi. Wengine wanasema Madame alifika akaendelea kufundisha huko Kasai, wengine wanasema hakufika. Kila niliyemwuliza alikuwa na jibu lake. Kabeya sikumsikia tena. Ilunga ana kitalu cha miti, na kila akiniona sokoni ananiita "macho".

Leo mimi ndiye Madame, hapa hapa Kolwezi, na nimechoka. Watoto wamejaa hadi wengine wanakaa sakafuni, wengine wametoka mtaa wa Kasulo ambako watu walichimba kobalti chini ya vitanda vyao, na wanasinzia saa tatu asubuhi. Proklamasyo bado ipo, tena imevimba. Poda inaletwa kwa katoni, na mtoto anamwagiwa huku anajipiga picha, na ukimwuliza amejifunza nini mwaka huu anakwambia subiri kwanza aiweke mtandaoni. Wazazi hawaji kuniona, wananipigia simu, salamu nusu, kisha, "Madame, iko wa ngapi?" Nami nawapa namba. Ningetaka kuwauliza wana watoto wangapi nyumbani, na wa kwanza ni nani, lakini salio lao linakwisha na jioni yangu pia. Enzi zetu tuliandikiwa kwa muhogo na tukajulikana mmoja mmoja. Hawa wangu wana chaki, na majina ya wengine nayachanganya hadi Pasaka.

Mama amekwisha kufa, baba pia. Kopo liko kwangu, natia sindano humo.

Kinachonitia uchungu zaidi ni macho. Naandika ubaoni, nageuka, nauliza nani hajaelewa, na hakuna mkono. Wote wanatikisa kichwa haraka haraka. Wamejifunza kuficha uso mapema kuliko sisi, na mimi nazeeka. Hapo ningetoa chochote nipate mtoto mmoja wa kunyoosha mkono kwa ajili ya mwenzake. Simpati. Basi naweka chaki chini na kufanya ninachokijua tangu behewa la makala.

"Batoto," nasema, "mi mwenyewe sielewi. Tuanze tena."

Darasa zima linaangua kicheko, Madame haelewi! Nami nasimama kimya, nawatazama, hadi nimwone anayechelewa kucheka.